SOMO LA VIKUNDI: UPEPO KATIKA GARI LA WAZI



Kila msimu wa mazao swali moja hurudi katika mikutano ya vyama vyetu vya msingi vya Tarime na Serengeti. Mzigo umepimwa ghalani mbele ya mashahidi, ukapakiwa katika gari la wazi, ukaondoka. Ulipofika kiwandani na kupimwa tena, ulikuwa pungufu. Dereva husema ni upepo. Katibu husema ni upepo. Wanachama huguna, kwa maana upungufu huo hatimaye hutoka mifukoni mwao.

Madhumuni ya somo hili ni matatu: kueleza upepo hufanya nini katika gari lisilo na paa, kuonyesha njia za kuupunguza, na kumsaidia mwanachama kutambua upungufu ambao upepo hauhusiki nao hata kidogo. Ni vyema lisomwe kwa sauti mkutanoni, kisha maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe.

1. Upepo unaopiga hutoka nyuma

Wengi wetu tunadhani kwamba upepo unaosumbua katika gari la wazi hutoka mbele, kwa kuwa gari linakwenda mbele. Sivyo ilivyo. Upepo wa mbele huzuiwa na kioo na chumba cha dereva, ukapanda juu na kupita. Lakini ukishavuka ukingo wa paa la chumba hicho, hauwezi kushuka ghafula na kuifuata bodi. Huacha nyuma ya chumba cha dereva nafasi yenye mgandamizo mdogo wa hewa, na hewa iliyo nyuma ya gari hukimbilia kuijaza nafasi hiyo. Basi upepo hugeuka, ukarudi mbele, ukazunguka na kupiga kwa vishindo.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho, na alitazame jiwe lililo katikati ya Mto Mara wakati maji yanakwenda kasi. Mbele ya jiwe maji hugawanyika. Nyuma ya jiwe huzunguka, na jani lililoangukia hapo halichukuliwi na mkondo mara moja, bali hurudi kuligonga jiwe. Chumba cha dereva ni jiwe, na bodi ya gari ni mahali pale jani linapozunguka.

Hii ndiyo sababu vumbi linalotimuliwa na magurudumu ya nyuma huingia ndani ya bodi badala ya kubaki barabarani. Ndiyo sababu pia pamba huinuka kutoka katikati ya mzigo, mahali ambapo mpakizi alidhani pana utulivu.

2. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne

Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo wa gari. Mwendo ukiongezeka mara mbili, msukumo wa upepo huongezeka mara nne. Ukiongezeka mara tatu, msukumo huwa mara tisa. Katika nchi yetu hii ya mwinuko, gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa husukumwa na upepo wenye nguvu ya kama kilo 7 kwa kila mita moja ya mraba. Gari hilohilo likifika kilomita 80 kwa saa, nguvu hiyo hukaribia kilo 28. Ikiwa siku hiyo upo pia upepo wa asili unaovuma kutoka mbele, nao hujumlishwa na mwendo wa gari.

Kwa hiyo dereva anayejisifu kuwa ameokoa nusu saa njiani, aulizwe ameokoa nini na amepoteza nini. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500. Vikomo hivyo viliwekwa kwa ajili ya usalama wa watu. Kwa pamba isiyofungwa vizuri, hata kilomita 80 ni nyingi mno.

3. Mafunzo kutoka kwa magari ya starehe

Wenye magari madogo ya starehe yasiyo na paa walilijua tatizo hili zamani. Dereva wa gari la namna hiyo hushangaa kuona nywele zake zikirushwa mbele, kuelekea usoni, ingawa gari linakwenda mbele. Ni upepo uleule unaorudi kutoka nyuma. Kwa muda mrefu watu walijaribu kurefusha kioo cha mbele, lakini kioo kirefu hakiwezi peke yake kuuzuia upepo unaoingia kwa nyuma.

Mwaka 1989 kampuni ya Mercedes-Benz ya Ujerumani ilitoa gari lake jipya la wazi aina ya SL likiwa na wavu maalumu wa kusimamishwa nyuma ya viti. Wavu huo haukuwa ubao mzito, bali kitambaa chenye matundu madogo. Ubao mzito huufanya upepo uupande na kuanzisha mzunguko mwingine mbele yake, lakini wavu huupunguza nguvu upepo unaorudi na kuuvunja vipande vidogo visivyo na madhara. Pamoja na wavu huo, madereva hupandisha vioo vya pembeni, na hapo wanaweza hata kuzungumza bila kupiga kelele.

Chama chetu hakina gari la starehe, wala hakikusudii kulinunua. Lakini fundisho lake linafaa kwa pikapu na lori: zuia upepo mahali unapoingilia, yaani nyuma na pembeni, wala usishughulike na mbele peke yake.

4. Njia za kupunguza upepo katika gari la chama

(a) Mlango wa nyuma wa bodi ufungwe, hata gari likiwa tupu. Wapo madereva wanaoushusha wakiamini kwamba upepo utapita kwa urahisi na mafuta yatapungua. Vipimo vya wahandisi vimeonyesha kwamba mara nyingi mambo huwa kinyume chake. Mlango ukiwa umefungwa, hewa hutulia ndani ya bodi kama mto wa kulalia, na upepo wa juu huteleza juu yake.

(b) Mzigo uanzie mbele, ukiegemea ukuta wa mbele wa bodi, wala pasiachwe pengo kubwa. Pengo kati ya chumba cha dereva na mzigo ndilo shimo ambamo upepo hutumbukia na kuanza kuchimba.

(c) Uso wa mzigo uwe sawa. Kilima katikati ya mzigo huzalisha mizunguko mingine ya upepo nyuma yake, na turubai hupasukia hapo kwanza.

(d) Turubai zikiwa mbili, ya nyuma itandikwe kwanza, kisha ya mbele iilalie. Ni kanuni ileile ya kuezeka nyumba: aezekaye huangalia maji yatatoka upande gani, na afunikaye gari huangalia upepo utatoka upande gani. Turubai ya nyuma ikiilalia ya mbele, upepo huingia katika pindo na kuipandisha yote.

(e) Pindo la mbele lishindiliwe chini kati ya mzigo na ukuta wa bodi. Pindo la nyuma literemke mpaka chini ya sakafu ya bodi na kufungwa huko. Pindo la nyuma ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ndilo lango la upepo na la vumbi.

(f) Kamba zipite juu ya turubai kwa kukatizana, zikazwe mpaka turubai isipigepige. Turubai inayopigapiga huisha upesi, na kila pigo husukuma nje pamba kidogo. Wavu ukitandikwa juu ya turubai ni bora zaidi.

(g) Baada ya mwendo wa kilomita chache, gari lisimame na kamba zikazwe upya, kwa kuwa mzigo hushuka kwa mitikisiko ya barabara.

5. Watu wasipande juu ya mzigo

Baadhi ya vyama huwapandisha wapakizi juu ya mzigo ili “waishikilie turubai.” Desturi hii ikomeshwe. Mtu mzima aliyeketi juu ya mzigo hukutana na upepo ambao haukuzuiwa na chochote. Turubai ikipanda kwa ghafula katika kona, mikono ya watu wawili haiwezi kuizuia. Itawachukua pamoja nayo. Gari la mizigo si gari la abiria, na hakuna pamba yenye thamani ya mtu. Turubai hushikiliwa na kamba.

Wanachama wetu wa Serengeti wanaoendesha magari ya watalii nao wakumbuke jambo hili. Paa lililopandishwa ni la kutazamia wanyama gari likiwa limesimama au likitambaa. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na hata mwendo huo ni mwingi kwa mgeni aliyesimama wima.

6. Upepo usiwe kichaka cha kujificha

Sasa tufike kwenye jambo lililo zito. Haba na haba hujaza kibaba. Tuchukue mfano wa hesabu: lori limebeba kilo 5,000 za pamba mbegu na kupoteza kilo 25, yaani nusu ya asilimia moja. Hasara hiyo inaonekana ndogo. Lakini safari 20 za namna hiyo hupoteza kilo 500. Zidisha kilo hizo kwa bei ya msimu, nawe utaona ni fedha za familia ngapi.

Katika hesabu hizo upepo ni mshitakiwa asiyeweza kujitetea. Kwa sababu hiyo kila mwenye la kuficha hupenda kumtaja. Mkaguzi na mwanachama wapime madai kwa dalili hizi:

Kwanza, upepo huchukua vitu vyepesi vilivyo wazi. Unaweza kuchukua pamba iliyopakiwa bila magunia. Hauwezi kuchukua kahawa iliyomo ndani ya magunia mazima yaliyoshonwa. Uzito wa kahawa ukipungua kwa mno na magunia yamefika na mishono yake, jibu halimo katika upepo.

Pili, kahawa na pamba hupoteza uzito zinapokauka. Upungufu wa namna hiyo hutegemea unyevu na muda. Mzigo uliopimwa asubuhi na kupimwa tena jioni hauwezi kusingizia ukavu kwa kilo nyingi.

Tatu, upepo huacha alama. Pamba iliyopeperushwa huonekana katika miba na nyasi za kando ya barabara, na juu ya mzigo huonekana shimo au turubai iliyolegea.

Nne, upepo haumchagui dereva. Magari mawili yakipita njia moja, siku moja, kwa turubai za namna moja, na moja tu likapungua kila safari, Kamati iulize maswali.

Kwa sababu hizo, kila safari iandikwe katika daftari: tarehe, namba ya gari, jina la dereva, uzito wa kuondoka na wa kufika, saa ya kuondoka na ya kufika, na hali ya turubai pande zote mbili. Dereva na Katibu watie sahihi. Daftari la namna hii humlinda mwanachama, na humlinda zaidi Katibu mwaminifu, ambaye bila hilo atashukiwa pamoja na asiye mwaminifu.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini vumbi huingia ndani ya bodi kutoka nyuma ya gari?
2. Gari likiongeza mwendo kutoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa, nguvu ya upepo huongezeka mara ngapi?
3. Kagueni turubai na kamba za chama chenu. Zinatosha kufunika mzigo mpaka chini ya sakafu ya bodi? Kama hazitoshi, ni gharama gani iliyo kubwa: ya kununua nyingine, au ya upungufu wa msimu mmoja?
4. Katika safari kumi za mwisho, ni ngapi zilizoandikwa uzito wa kuondoka na wa kufika? Majibu ya swali hili yaingizwe katika kumbukumbu za mkutano.