HOMA YA INI: JE, CHANJO YAWEZA KUMPONYA ALIYEKWISHA AMBUKIZWA?

Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Chanjo ya homa ya ini aina ya B iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini Tanzania mwaka 2002, nayo hutolewa mtoto akiwa na majuma 6, 10 na 14. Sisi wanafunzi tumezaliwa baada ya mwaka huo. Wazazi wetu na walimu wetu wengi walizaliwa kabla. Kwa hiyo makala haya yanawahusu wao hasa.

Ugonjwa huu huletwa na virusi vinavyokaa katika chembe za ini. Mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa navyo, na wapatao milioni 1.1 walikufa, hasa kwa makovu ya ini na saratani ya ini. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake hushinda. Wanaobaki navyo ni chini ya 5 katika 100. Lakini katika watoto 100 walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, wapatao 90 hubaki navyo siku zote.

Kwa nini basi chanjo ya kawaida haimponyi mgonjwa? Chanjo hiyo ina protini ya ganda la nje la virusi, nayo huwafundisha askari wa mwili kumtambua adui kabla hajafika. Kwa mgonjwa wa miaka mingi adui amekwisha kuwa mwenyeji. Virusi humwaga protini ile ile katika damu usiku na mchana, hata askari wakachoka, kama vile wanafunzi wasivyoijali kengele inayolia kutwa. Kumdunga protini hiyo tena ni kuongeza mlio tu.

Dawa ziko, kama tenofoviri, nazo huokoa maisha kwa kuzuia virusi visizaane. Lakini ndani ya kiini cha chembe ya ini hubaki uzi wa urithi wa virusi, uliofungwa kama pete. Mkulima wa Rungwe anajua kwamba sangari ikifyekwa bila kung'olewa mizizi huota tena. Ndiyo sababu wagonjwa wengi humeza vidonge miaka mingi.

Kwa hiyo wataalamu wanatafuta chanjo ya kutibu, itakayowaamsha askari waliochoka. Njia zao ni hizi:

Kwanza, kuongeza protini ya ndani ya virusi, ambayo haimo katika chanjo ya kawaida. Ndivyo ilivyo Nasvac, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa Bangladesh na kuruhusiwa Cuba mwaka 2015. Hiyo hupulizwa puani pia.

Pili, kutumia virusi vingine vilivyodhoofishwa vibebe mafunzo hayo mwilini. Miongoni mwa walioifuata njia hii ni wanasayansi wa Oxford, waliotumia kibebeo cha namna hiyo katika chanjo yao ya korona.

Tatu, kupunguza protini katika damu kwa dawa kwanza, ndipo chanjo itolewe. Yaani kengele inyamazishwe kabla ya askari kuitwa.

Kazi hii ni ngumu. Askari wakizishambulia chembe zote zenye virusi kwa mara moja, ini lenyewe laweza kuharibika. Katika majaribio virusi vimepungua kwa baadhi ya wagonjwa, bali waliopona kabisa ni wachache.

Basi tusikae kungojea. Mzazi ambaye hajapimwa aende hospitali, kama ile ya Wilaya pale Makandana, aulize kipimo cha damu. Asiye na virusi achanjwe. Aliye navyo amfuate daktari mapema, kabla ini halijaharibika. Nasi wa bwenini tusiazimane nyembe. Lakini kula pamoja na kupeana mikono hakuambukizi. Kumtenga mwenzetu kwa sahani yake ni ujinga, na ujinga ndio tuliokuja kuuacha shuleni.