Kompyuta Kuukuu Ikikataa Kuwaka

Shule nyingi hufundishia kwa kompyuta za mezani zilizokwisha tumika miaka mingi. Siku mashine inapokataa kuwaka, mara nyingi hupelekwa stoo kabla ya kuchunguzwa. Hiyo ni hasara, maana mashine moja ikipungua, wanafunzi huzidi kubanana kwenye zilizobaki. Basi nataka kueleza jinsi ya kutafuta ugonjwa wake.

Umeme hufuata njia kama maji. Bomba likikauka, fundi hutazama koki kabla ya kufukua ardhi. Vivyo hivyo anza nje ya kompyuta, kisha uingie ndani, mbele ya mwalimu, nawe ujaribu jambo moja tu kwa wakati mmoja.

1. Haina taa wala sauti. Jaribu soketi kwa taa ya mezani. Tazama waya, na swichi ndogo iliyo nyuma. Vikiwa vizima vyote, huenda pawasaplai imekufa. Kisanduku hicho usikifungue kamwe. Huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa.

2. Feni yazunguka lakini kioo ni cheusi. Kaza waya wa kioo. Mashine ikilia pii, pii, mara nyingi kosa liko kwenye kadi ya kumbukumbu. Chomoa waya wa umeme, gusa chuma cha kasha, toa kadi, sugua taratibu meno yake kwa kifutio cha penseli, kisha uirudishe mpaka ikae sawasawa. Hapa Morogoro vumbi la kiangazi na unyevu wa masika chini ya Uluguru huyachafua meno hayo. Nimeona mashine iliyohesabiwa kuwa mbovu ikiwaka kwa dawa hiyo tu.

3. Saa na tarehe zimerudi nyuma. Betri iliyo kama sarafu imechoka. Nyingi ni za volti 3, namba CR2032. Weka mpya, kisha usahihishe saa.

4. Yasema haioni diski. Chomoa kwanza flashi iliyosahauliwa. Lakini diski ikigonga tk, tk, zima upesi, wala usiwashe tena na tena. Ndani yake huenda mna alama na kazi za darasa zima. Mashine hununuliwa nyingine. Kazi hizo hazinunuliwi.

Mwisho, andika daftarini kila ulilojaribu, ili fundi akija aendelee pale ulipoishia.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne