SOMO LA AFYA: MAUMIVU YA KIBOFU YASIYOKWISHA



Je, kwa wiki sita au zaidi unasikia maumivu chini ya kitovu, yanayozidi kibofu kikijaa na kupungua ukishakojoa? Je, unakwenda chooni mara kwa mara, mchana na usiku? Somo hili ni lako, hasa wewe mama, kwa maana tatizo hili huwapata wanawake zaidi.

KWANZA, MKOJO UPIMWE
Usinunue antibiotiki dukani kwa kubahatisha. Nenda kituo cha afya, au Hospitali ya Bwera ukiwa upande wa Mpondwe. Vijidudu vikionekana, maliza dozi yote. Damu katika mkojo yaweza kuwa dalili ya kichocho au ugonjwa mwingine; usiifiche.

Ikiwa vipimo havionyeshi ugonjwa mwingine na maumivu yanaendelea, huenda kibofu chenyewe ndicho kinachouma. Hapo antibiotiki hazisaidii. Hali hii haiambukizi, si ugonjwa wa zinaa, wala hukurogwa. Mwambie mumeo hivyo, msije mkagombana bure.

MAMBO YA KUFANYA KILA SIKU
1. Kunywa maji safi kidogo kidogo kutwa nzima. Wengi huacha kunywa tangu mchana kwa kuogopa kwenda chooni gizani. Mkojo mzito huchoma kibofu zaidi.
2. Usiku weka ndani ndoo yenye kifuniko. Asubuhi imwage chooni na uioshe. Usibane mkojo hadi kuche.
3. Acha kwa wiki mbili kahawa, hata hii ya milima ya Rwenzori, pamoja na chai ya rangi, pombe, soda, pilipili, limau na nanasi. Kisha rudisha kimoja kimoja, ujue kipi kinakuumiza.
4. Ikiwa unakwenda chooni kila nusu saa, jaribu kungoja dakika chache zaidi, ukiongeza polepole wiki hadi wiki.
5. Maumivu yakizidi, weka juu ya kinena chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa.

RUDI KITUONI HARAKA ukiwa na homa, maumivu ya ubavuni, damu katika mkojo, au mkojo ukiziba. Mama mjamzito asingoje hata siku moja.

KUMBUKA: Maumivu haya huja na kuondoka. Hayaishi kwa siku moja, lakini yanaweza kupunguzwa. Usiteseke kimya kwa aibu. Mweleze mhudumu wa afya.