Shujaa wa Kike na Ngazi za Nguvu: Riwaya ya Kichina ya Ukuzaji Nafsi na Masimulizi ya Moraa wa Abagusii

Utangulizi

Riwaya ya Kiswahili ilianza kuvunja mipaka ya uhalisia zamani. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi, pamoja na Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila, ni vielelezo vinavyojulikana. Hata hivyo, mwanamke hajapata nafasi sawa katika safari hizo za kiajabu. Katika Bina-Adamu!, kwa mfano, anayesafiri ni mwanamume. Hanna ni mwongozaji wake. Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi utanzu mmoja wa Kichina unavyomjenga shujaa wa kike, kisha kuuliza kama fasihi simulizi ya Abagusii ina malighafi ya kumjenga wetu.

Misingi ya utanzu

Utanzu huu huitwa xianxia. Unachota katika imani za Kidao kwamba binadamu aweza kujikuza, mwili na roho, hadi avuke mauti. Nguvu ya uhai, qi, huvutwa kwa pumzi na tafakuri, ikahifadhiwa chini ya kitovu. Mhusika hupanda ngazi moja baada ya nyingine: husafisha qi, huweka msingi, huunda kiini cha dhahabu, na kuendelea. Kila ngazi ina jaribio lake, na anayeshindwa huweza kuangamia.

Mwanamke si mgeni humo. He Xiangu ni miongoni mwa Wateule Wanane wasiokufa wa mapokeo ya Kidao. Mwaka 1932, mwandishi aliyetumia jina la Huanzhulouzhu alianza kuchapisha kwa mfululizo riwaya ndefu ya mashujaa wa upanga wa milima ya Shu, na mmoja wa wahusika wake wakuu ni msichana Li Yingqiong. Jambo la kuzingatia ni hili: katika mfumo wa ngazi, jinsia haimpi mtu nguvu wala haimnyimi. Kinachohesabiwa ni kipawa, bidii, mwalimu na bahati.

Moraa na njia ya omoragori

Turudi nyumbani. Husimuliwa kwamba Moraa wa Ng'iti, mganga na mtabiri, aliwachochea vijana wa Kitutu kuupinga utawala wa Waingereza. Inasemekana aliwakebehi kwamba wao wakiogopa, wanawake watashika mikuki, na kwamba aliwapa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere alimchoma mkuki afisa wa kikoloni, Geoffry Northcote. Northcote alipona, Abagusii wakaadhibiwa kwa mauaji na uporaji wa mifugo, naye Otenyo akauawa. Kwa sadfa ya historia, Northcote huyo alikuja kuwa gavana wa Hong Kong mwaka 1937, katika ardhi ya Wachina waliotupa utanzu tunaoujadili.

Katika masimulizi haya, nguvu ni ya Moraa lakini tendo ni la Otenyo. Yeye huchochea, mwanamume hurusha mkuki. Ndivyo ilivyo pia katika utendi wa Fumo Liyongo: mama huficha tupa ndani ya mkate, Saada huupeleka gerezani, naye Liyongo hukata minyororo.

Lakini tukiacha tukio na kutazama njia iliyomfikisha mwanamke kama Moraa hapo, sura hubadilika. Omoragori, yaani mpiga ramli wa Kigusii, kwa kawaida ni mwanamke. Huitwa na mizimu kupitia maradhi au misukosuko, akafunzwa na aliyemtangulia, kisha akaanza kazi. Mwito, jaribio, mwalimu, ngazi: huu ndio muundo wa riwaya ya ukuzaji nafsi, nao uko kwetu bila kuazimwa.

Tofauti isiyopuuzwa

Ulinganisho huu una mpaka. Shujaa wa xianxia mara nyingi hujikuza ili aepuke mauti yake mwenyewe. Jamaa na kijiji hubaki nyuma. Omoragori hapandi ngazi ili aondoke. Uwezo wake hupimwa kwa wagonjwa na walioteswa na mizimu, na mizimu yenyewe ni ya ukoo. Dawa ya Moraa iliposhindwa na bunduki, hasara ilikuwa ya jamii nzima. Mwandishi atakayenakili ngazi za Kichina bila kuzingatia hili atapata shujaa mwenye jina la Kigusii na roho ya ugenini.

Hitimisho

Mwanafunzi atokaye Gesima anaweza leo kusoma katika simu yake sura mia kadhaa za msichana anayepanda milima ya Uchina. Mteremko wa Manga nao hauko mbali na kwao, na wazee wanaokumbuka masimulizi ya omoragori wanapungua. Kusoma ya wengine si kosa. Kosa ni kuyasoma bila kurekodi yetu. Wanachama wanaotoka Kisii na Nyamira wanahimizwa kuanza kazi hiyo likizo ijayo, kwa Ekegusii kwanza, kisha kwa tafsiri ya Kiswahili.

Maswali ya mjadala

1. Nguvu za Liyongo na za shujaa wa xianxia zote zinahusiana na kitovu: kwa mmoja ni siri ya kifo, kwa mwingine ni ghala la uhai. Jadili.
2. Je, Moraa ni mhusika mkuu au mhusika msaidizi katika masimulizi ya 1908? Tetea jibu lako.