Askari wa Zamani Atibiwe Wapi?

Katika somo la uraia niliwauliza wanafunzi wangu: askari aliyepoteza mguu vitani atibiwe na serikali, au aende kwa daktari wa binafsi? Karibu wote wakajibu upesi, "Aende apendako!" Nikawaambia wangoje.

Marekani serikali ina hospitali zake za askari wa zamani. Mwaka 2014 iligunduliwa kwamba huko Phoenix ziliwekwa orodha za siri, ili ionekane kwamba wagonjwa hawangoji sana. Sheria ikatungwa mwaka ule ule, na nyingine mwaka 2018. Tangu Juni 2019, anayetaka matibabu ya kawaida akiambiwa angoje zaidi ya siku 20, au ikiwa safari ya gari yapita dakika 30, aweza kwenda nje, na serikali hulipa.

"Hulipa kutoka mfuko gani, Mwalimu?" akauliza mmoja. Swali jema kuliko langu! Fedha ni za idara ile ile. Wakizidi waendao nje, hospitali zaweza kupungukiwa, nazo ndizo zilizozoea miguu ya bandia na majeraha ya mabomu. Mimi namhurumia akaaye mbali mashambani Montana, ila nisingependa hospitali zile zife.

Tulipopiga kura tena, darasa liligawanyika karibu nusu kwa nusu. Yule wa mfuko hakuinua mkono.