Uradi wa Yoga ya Kundalini: Maswali ya Watu wa Matrah na Majibu Yake

Matrah, bandari ambayo tangu enzi za majahazi imewapokea watu wa Kachi, Uajemi, Ubulushi na Unguja, imezoea kusikia dua za lugha nyingi, na huko Darsait, si mbali na soko lake, Mabaniani wana hekalu la Krishna. Si ajabu, basi, kwamba miongoni mwa jamaa zetu wasemao Kiswahili, ambao wazee wao walihamia Oman baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na wengi zaidi baada ya mwaka 1970, wamo leo wanaotaka kujua uradi wa yoga ya Kundalini ni kitu gani, una manufaa gani, na mtu mwenye dini yake aukabili vipi. Maswali yaliyo mazito nimeyajibu hapa moja baada ya jingine.

Swali: Mwalimu, binti yangu hurudi kutoka darasani akikariri "Sa, Ta, Na, Ma" huku akigusanisha vidole. Anafanya nini?

Jawabu: Bibi yangu, hilo ni zoezi liitwalo Kirtan Kriya, nalo ni miongoni mwa yaliyo mashuhuri katika taamuli za Kundalini. Mtu huketi wima, akafumba macho, akatamka silabi hizo nne kwa lahani ya polepole, kila silabi na kidole chake: kwa Sa, gumba hugusa kidole cha shahada, kwa Ta, cha kati, kwa Na, cha pete, na kwa Ma, cha mwisho. Namna yake fupi ni ya dakika 12: dakika 2 kwa sauti, 2 kwa mnong'ono, 4 kimya moyoni huku vidole vikiendelea, kisha 2 za mnong'ono tena, na 2 za kumalizia kwa sauti. Mgawanyo huo una hekima yake, kwani akili iliyoanza kwa kushikwa na sauti ya kinywa, kisha ikazoezwa kuifuata sauti hiyo inavyofifia, hufika katika kimya ikiwa bado ina kazi ya kufanya, hali ya kuwa mgeni wa mambo haya, lau angeanzia kimyani, asingekawia kujikuta anafikiri bei ya nguru.

Swali: Waalimu wake husema ni elimu ya maelfu ya miaka. Ni kweli?

Jawabu: Jina na dhana ni vya kale, darasa lenyewe ni la juzi. Kundalini, yaani ile nguvu ambayo Wahindi husema imejikunja chini ya uti wa mgongo mfano wa nyoka, imetajwa katika vitabu vya Tantra na katika Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15. Ama mazoezi yafundishwayo leo kwa jina hilo, aghlabu yametoka kwa mtu mmoja, Harbhajan Singh, ajulikanaye kama Yogi Bhajan, aliyezaliwa mwaka 1929, akafanya kazi ya forodha nchini India, akafika Los Angeles mwishoni mwa mwaka 1968, na mwaka uliofuata akaasisi jumuiya ya 3HO. Mtafiti Philip Deslippe, katika makala yake ya mwaka 2012, alieleza namna mafundisho hayo yalivyoungwa kutokana na waalimu wawili wa India, Dhirendra Brahmachari na Virsa Singh, na namna nasaba ya kale ilivyotungwa baadaye. Fauka ya hayo, uchunguzi ulioagizwa na jumuiya yenyewe, ukatangazwa mwaka 2020, yaani miaka 16 baada ya kufa kwake, ulihitimisha kuwa yaelekea zaidi kwamba aliwadhulumu kijinsia baadhi ya wafuasi wake. Mwanafunzi ana haki ya kuyajua haya kabla hajaambiwa amtukuze mtu yeyote.

Swali: Mimi nimekulia Nairobi, na Kalasinga tuliopakana nao hawakuwa watu wa yoga. Mbona maneno ya darasani ni yao?

Jawabu: Umeona sawasawa, bwana. Kalasinga waliokuja Afrika Mashariki wakati wa kujengwa reli ya Uganda, kati ya mwaka 1896 na 1901, walikuja na gurudwara zao na kumtaja Mungu kwa jina la Waheguru, wala hawakuyafungamanisha hayo na kuamsha nguvu ya uti wa mgongo. Yogi Bhajan, aliyekuwa Kalasinga kwa kuzaliwa, ndiye aliyeyatia maneno ya dini yake katika mazoezi ya yoga, na wako wengi katika dini hiyo ambao hawakuridhika naye.

Swali: Matabibu wanasemaje?

Jawabu: Wanasema jambo la kutia moyo, lakini kwa kiasi. Mwaka 2013 Helen Lavretsky na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA walichapisha matokeo ya watu 39 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao wenye maradhi ya kusahau; waliofanya Kirtan Kriya kwa dakika 12 kila siku, muda wa wiki 8, walipungukiwa na huzuni kuliko waliosikiliza muziki wa kutuliza. Hata hivyo, katika utafiti mwingine wa Marekani, uliowahusu watu 60 wenye umri mkubwa walioanza kuhisi kumbukumbu inawatoka, wenye uradi na wenye muziki wote walipata nafuu ya kumbukumbu baada ya wiki 12. Hesabu ni ndogo, na haijuzu kuzifanya kuwa ahadi ya tiba.

Lililo wazi zaidi ni habari ya pumzi. Mwaka 2001 Luciano Bernardi wa Italia, katika jarida la matabibu wa Uingereza, alieleza kwamba watu 23 waliosoma rozari kwa Kilatini, kisha wakasoma uradi wa Kibudha, walijikuta kwa maneno yote mawili wakivuta pumzi kiasi cha mara 6 kwa dakika, na kwa mwendo huo mwili wao ukazidi kuwa hodari wa kurekebisha shinikizo la damu. Dini mbili zisizokaribiana, na pumzi moja. Maana atamkaye sentensi ndefu kwa lahani hana budi kutoa pumzi polepole, na moyo huufuata mwendo huo.

Swali: Kumbe basi hii ni zikri tu, kama za kwetu Unguja?

Jawabu: Kwa upande wa mwili zimekaribiana. Wazee waliotoka Unguja wanaikumbuka zikri ya Kadiria, iliyoenezwa pwani na Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyeuawa mwaka 1909, ambayo watu waliita zikri ya kukohoa kwa ajili ya ile pumzi itolewayo kwa nguvu kifuani. Na ahesabuye tasbihi kwa pingili za vidole baada ya sala ameshaufahamu msaada wa kidole katika kuzuia mawazo yasitangetange. Kwa upande wa maana, zimeachana mbali. Zikri ni kumtaja Mwenyezi Mungu kwa niya ya ibada, ambapo silabi za Kirtan Kriya, kwa tafsiri ya waalimu wake, ni mzunguko wa kuzaliwa, kuishi, kufa na kuzaliwa upya. Na darasa hufunguliwa kwa "Ong Namo Guru Dev Namo", maneno ya kuinama mbele ya hekima ya uumbaji na mbele ya mwalimu.

Swali: Muislamu yamjuzia?

Jawabu: Mimi si mufti, na fatwa huulizwa kwa wenyewe. Ninaloweza kulitaja ni kwamba Baraza la Fatwa la Malaysia, mwaka 2008, liliwakataza Waislamu yoga iliyochanganywa na ibada na nyuradi. Maulamaa wa Indonesia, mwaka 2009, wakatenga yoga ya mazoezi matupu, wakairuhusu, na ile yenye nyuradi za Kihindu, wakaizuia. Na Saudi Arabia, mwaka 2017, ikaikubali yoga miongoni mwa michezo. Kwa hiyo aulizaye asiulize yoga kwa jumla, bali aeleze ni maneno gani yatamkwayo, na kwa niya gani.

Swali: Nani ajihadhari, na ajaribuye aanzeje?

Jawabu: Mwenye mimba, mwenye shinikizo la damu na mwenye kifafa wasifanye zile pumzi za haraka ambazo madarasa ya Kundalini huzichanganya na uradi, na aliyewahi kuugua maradhi ya akili ashauriane kwanza na tabibu wake, wala asiache dawa. Wengine waanze kwa dakika 3, wakae kitini wakipenda, na sauti isipite ile ya mazungumzo. Mavazi meupe na vilemba vya waalimu si sharti la lolote, na anayekudai fedha nyingi kwa tisho kwamba nguvu yako itaamka vibaya bila yeye, muage.

Nasaha yangu kwa wasomaji ni hii: manufaa yaliyothibiti yamo katika pumzi ya polepole, sauti na kudumu, na hayo hayana mwenyewe, maneno ndiyo yenye wenyewe. Ulizeni maana yake kabla ya kuyatamka, na ambaye moyo wake haukuridhika nayo, achukue dakika hizo 12 na uradi wake mwenyewe.