ELIMU KWA RAIA: MAJI MACHAFU YANAPOINGIA NYUMBANI, NANI MWENYE DHAMANA?

Miongoni mwa mambo yanayozusha mzozo baina ya raia na halmashauri zao ni maji machafu kurudi ndani ya nyumba. Mwenye nyumba huamka alfajiri akakuta choo kimefurika, sakafu imelowa, magodoro na unga vimeharibika, na watoto wamo katika hatari ya kupata kipindupindu na homa ya matumbo. Baada ya kuokoa kilichosalia, hujiuliza swali moja: nani atalipa hasara hii? Somo hili linalitazama swali hilo kwa mfano wa mji mdogo wa Kharumwa, Tanzania Bara.

Kharumwa ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale katika Mkoa wa Geita. Mkoa huo uliundwa mwaka 2012. Hapo ni ukanda wa dhahabu, na desturi ya ukanda huo inajulikana: panapozuka machimbo watu humiminika, na nyumba hutangulia kujengwa kabla ya njia na mifereji kupimwa. Kama ilivyo miji midogo mingi ya Bara, Kharumwa haina mtandao wa mabomba ya maji machafu. Kila nyumba hutegemea choo cha shimo au karo lake yenyewe. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuchunguza, kabla ya kumlaumu yeyote, ni hili: maji yale yametoka wapi?

YAKITOKA KATIKA KARO LA NYUMBA YENYEWE

Ikiwa karo ni la mwenye nyumba, naye ameliacha lijae mpaka likafurika, hasara ni yake. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inamtaka kila mwenye jengo awe na choo kinachofaa. Halmashauri haidaiwi fidia kwa karo ambalo haikulijenga wala haikukabidhiwa kulitunza. Mpangaji, kwa upande wake, autazame mkataba wake wa pango kwanza, maana huenda wajibu wa kunyonyesha karo umewekwa kwa mwenye nyumba.

YAKITOKA KWA JIRANI

Hapa mdaiwa ni jirani. Msingi wa jambo hili ni wa zamani, na kwa watu wa machimbo una maana ya pekee. Mwaka 1868 Baraza la Malodi la Uingereza, ambalo siku hizo lilikuwa mahakama ya juu, liliamua kesi ya mtu aliyejenga bwawa katika ardhi yake. Maji ya bwawa yalipenya mashimo ya kale na kuingia katika mgodi wa makaa wa jirani. Ikaamuliwa kuwa mtu anayekusanya katika ardhi yake kitu kinachoweza kudhuru kikitoroka, huwajibika kikitoroka, hata kama yeye hakuzembea. Kanuni za namna hiyo ziliingia Tanganyika pamoja na sheria ya Kiingereza iliyopokewa mwaka 1920, nazo hutumika pale ambapo sheria za nchi hazikuelekeza vinginevyo.

Pamoja na hayo, raia hana haja ya kukimbilia mahakamani. Bwana afya wa halmashauri anayo mamlaka ya kukagua na kumwamuru mkosaji aondoe uchafu. Apelekewe taarifa kwa maandishi, na mwandikaji abaki na nakala iliyopokelewa. Barua hiyo ina faida mbili: huharakisha kazi, na ikiwa halmashauri itanyamaza, huwa ushahidi kwamba ilijua.

YAKITOKA KATIKA BOMBA AU MFEREJI WA UMMA

Katika miji yenye mtandao, Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 inaiweka huduma ya maji machafu mikononi mwa mamlaka za maji. Sheria hiyo hiyo ndiyo iliyounda RUWASA kwa ajili ya vijijini na miji midogo. Kwa hiyo mwenye chemba iliyofurika asidhani kwamba kila dai ni la halmashauri. Mamlaka ya maji hulalamikiwa kwanza yenyewe. Asiporidhika, mlalamikaji huweza kwenda EWURA.

Kwa chombo cha umma, kufurika peke yake aghlabu hakutoshi. Mdai huthibitisha uzembe: kwamba chombo kilijua au kilipasa kujua, kilikuwa na uwezo wa kuzuia, nacho hakikuzuia. Mwaka 2003 mahakama hiyo ya juu ya Uingereza ilimnyima haki mkazi wa London ambaye nyumba yake ilifurikwa mara kwa mara kwa sababu mabomba yalikuwa madogo. Ilielezwa kwamba Bunge limekwisha kuweka msimamizi wa huduma, na malalamiko ya aina hiyo yaanzie kwake.

Lakini isidhaniwe kuwa chombo cha umma hakigusiki. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata walipata amri ya Mahakama Kuu dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, iliyokuwa ikitupa taka karibu na makazi yao. Jiji liliporudi kuomba muda zaidi, Jaji Lugakingira alikataa mwaka 1991, akakumbusha haki ya kuishi iliyomo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Taka si maji machafu, lakini funzo ni lile lile: kazi ya umma si ruhusa ya kudhuru.

TARATIBU ZA KUDAI

Mwenye kudai fidia Tanzania Bara azingatie yafuatayo:

1. Apige picha, aorodheshe mali iliyoharibika, na ahifadhi stakabadhi za matibabu na usafishaji.

2. Atoe notisi ya siku 90 kwa halmashauri kabla ya kufungua daawa, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Tangu marekebisho ya mwaka 2020, Mwanasheria Mkuu huunganishwa katika daawa, nayo hufunguliwa Mahakama Kuu.

3. Asichelewe. Madai ya madhara ya namna hii yana ukomo wa miaka 3.

Wasomaji wa Visiwani wanakumbushwa kuwa maji na serikali za mitaa si mambo ya Muungano. Zanzibar ina sheria na vyombo vyake, na taratibu zilizotajwa hapa haziwahusu moja kwa moja.

Hata hivyo, daawa ya Mahakama Kuu ni safari ndefu kwa mtu aliyepoteza godoro na gunia la unga. Katika mji kama Kharumwa, lililo karibu zaidi ni kudai mapema: katika mkutano wa kijiji au mtaa, kwa diwani, na wakati wa kupanga bajeti, ili mifereji ipimwe kabla ya nyumba kuongezeka na gari la kunyonya maji machafu lipatikane kabla ya masika. Na kila mwenye nyumba afunue mfuniko wa karo lake leo, alitazame.